Imekolea?

Siku ya arobaini bila sigara
nimeonja supu yangu mwenyewe ya kabichi
nikaitema kwenye sinki.

Chumvi!
Si chumvi ya kukoleza,
chumvi ya kukaushia ngozi.

Zenon yuko mezani, kijiko mkononi,
anakunywa kama anywavyo tangu tuoane,
taratibu, hakunji uso,
glasi ya maji kando yake.
Ile glasi ya maji.
Miaka thelathini na mmoja nikidhani ni desturi ya kwao.

Mimi ni dereva wa tramu, hapa Lodz.
Kila mwisho wa reli nilikuwa na dakika sita:
sigara mbili, ya pili nikiiwasha kwa ya kwanza,
theluji ikinitua mabegani kama unga.
Nikirudi nyumbani nilitia chumvi, nikaonja,
nikatia, nikaonja,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba waliyohama wenyewe.

Basi ladha imerudi, na imerudi kama mdai,
haina salamu.
Kwanza mkate mweusi: kumbe una uchachu!
Halafu tufaha. Nililiuma kituoni, asubuhi ya baridi kali,
utamu ukanipanda hadi nyuma ya masikio,
taa ikageuka kijani, ikageuka nyekundu,
abiria wakagonga kioo,
nami nimefumba macho na juisi kidevuni.
Lakini mdai hachagui.
Kahawa ya kantini imeungua, imeungua siku zote.
Siagi niliyoisifia ina uvundo.
Na koti langu, Mungu wangu, lile koti,
nani alikuwa akikaa karibu nami?

Njaa nayo.
Hii haiko tumboni, iko vidoleni,
vidole viwili vilivyozoea kubeba kitu hadi mdomoni
na sasa havina ajira.
Nimevipa mbegu za alizeti, nimevipa biskuti,
saa nane za usiku nimevipa soseji baridi
nikiwa peku mbele ya friji,
taa yake ikinimulika kama mwizi.

Mizani ya duka la dawa ilisema kilo nne.
Wiki iliyofuata sikuiuliza.
Sketi ya sare naifunga kwa pini,
na Halina wa stoo ya nguo akanipima, akapima tena,
akavua miwani: “Bogumila, ni mapacha?”
Nikacheka mpaka nikainama,
nikashika meza nikisubiri kikohozi,
kile cha kunikunja kila nichekapo.
Hakikuja.
Nikabaki nimeinama, nasubiri,
kama mtu kituoni ambaye tramu yake imefutwa.

Wapo wanaoniambia nilikuwa na kiuno.
Kweli nilikuwa nacho.
Moshi ulikuwa ukinila,
nami nikauita umbo.

“Kwa nini hukuniambia?” nimemuuliza Zenon.
Amekitazama kijiko.
“Ulikuwa ukiuliza, ‘Imekolea?’
Nami nikijibu imekolea.
Sikusema uongo.”
“Na vidonge vyako vya presha?”
Hapo amekunywa maji.

Nimeimwaga sufuria yote.
Nimemenya viazi upya, nimekata karoti,
nimetia bizari kidogo na chumvi ya ncha ya kidole,
nimeonja mara moja tu, na mara moja ikatosha:
kiazi ni kiazi, karoti ni karoti,
kila mmoja anaitika kwa jina lake.
Nimejipakulia bakuli, nikaongeza la pili,
na pini ya sketi nikaifungua bila aibu.

Zenon ameonja.
Ameonja tena, polepole, akitazama dirishani.
Kisha mkono wake, mkono mwema, mkono wa miaka yote ile,
ukatambaa juu ya kitambaa cha meza,
ukapita glasi, ukapita mkate,
ukitafuta kikopo cha chumvi.

Masikini mume wangu.
Hajawahi kushika sigara hata moja,
na ulimi wake bado haujaacha.